Kipimo cha MRI: kwa nini unaulizwa kuhusu chuma?

Ukiandikiwa kipimo cha MRI, usihofu mionzi ya eksirei: haitumiki. Mashine hutumia sumaku na mawimbi ya redio kunasa ishara za haidrojeni iliyo kwenye maji na mafuta ya mwili wako, kisha kompyuta huzigeuza kuwa picha.

Hatari iko kwenye sumaku. Katika hospitali nyingi nguvu yake ni tesla 1.5, yaani takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Kwa kawaida haizimwi, hata chumba kikiwa kitupu. Inaweza kurusha mkasi au mtungi wa oksijeni.

Kabla ya kuingia, mwambie mhudumu kama:

- una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au chuma ulichowekewa kwa upasuaji;
- uliwahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, hasa kama wewe ni fundi wa kuchomelea;
- una ujauzito.

Kuwa na chuma mwilini hakumaanishi lazima utakataliwa. Vyuma vingi vya kuunga mifupa havizuii kipimo, lakini mtaalamu ndiye wa kuamua. Ukiwa na kadi au cheti cha upasuaji, nenda nacho.