Uraibu Una Bei Mbili

Kila mwaka wa masomo unapoanza, huwaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza waandike aya moja ya kujitambulisha. Takriban wote huimaliza kwa sentensi ya sampuli moja: uraibu wangu ni kusoma, uraibu wangu ni kuogelea, uraibu wangu ni kutazama kandanda. Ndivyo walivyofunzwa tangu shule ya msingi, nami siwalaumu. Lakini mimi nimelelewa Mji wa Kale wa Mombasa, na kwetu neno hilo lina harufu nyingine. Mzee wa Kibokoni akikuuliza una uraibu gani, hana haja ya kujua iwapo waogelea. Ataka kujua kama ni tambuu, tumbaku, miraa, au angalau kahawa tungu. Yaani kitu kile ambacho mtu akikikosa alasiri kichwa humgonga na watoto hawamkaribii.

Sisi wanaisimu tutasema kwamba maana ya neno imepanuka, na maneno yote yaliyo hai hupanuka. Hilo halina ubishi. Hata hivyo naona waliolitumia zamani walikuwa wakweli kutushinda. Walijua kwamba jambo unalolipenda halinunuliwi mara moja likaisha. Hurudi kesho kudai posho yake.

Nami nilichelewa kulijua hilo, tena kwa gharama. Miaka michache iliyopita nilinunua udi kwa shilingi 40,000. Namaanisha udi wa kupiga, si udi wa kufukiza, ingawa kwa upande wa fedha tofauti niliyoiona ni ndogo. Nilikuwa nimeitamani ala hiyo tangu utotoni, tulipokuwa tukikaa vibarazani kusikiliza kanda za Juma Bhalo na za marehemu Zein l'Abdin, yule mzaliwa wa Lamu aliyeufanya udi uzungumze. Nilidunduiza kwa miezi mingi, nikalipa taslimu, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba hesabu imefungwa.

Mwezi wa Januari uliofuata, karo ya watoto ilinikuta mikono mitupu. Nikamwambia bibi yangu kwamba maisha yamepanda, jambo ambalo ni kweli siku zote na kwa hiyo halina thamani kama maelezo. Nikaenda kukopa katika chama cha akiba na mikopo. Jioni ile bibi alinitazama akasema, "Mwalimu, fedha zile hazikuibwa. Zilitoka kwa mlango, tena wewe ndiwe uliyezisindikiza." Alichukua daftari la mtoto, akanitaka nitaje kila kilichoufuata ule udi nyumbani.

Tukaanza na nyuzi. Udi wangu una nyuzi 11, na hewa yetu ya bahari, yenye chumvi na unyevu, hula zile zilizozungushiwa madini kama mchwa alavyo boriti. Seti moja ilikuwa shilingi 2,500, nami nilikuwa nimebadilisha mara nne: 10,000. Mfuko wa kuuhifadhi, 4,500. Uso ulipasuka kwa unyevu huohuo, nikampa fundi 6,000 (na kazi yake ilidumu hadi masika tu). Mafunzo mara moja kwa wiki, shilingi 500 kila kikao, wiki 46: 23,000. Tuktuk ya kwenda na kurudi, kwa kuwa mtu hapandi matatu ya kubanana na chombo cha aina hiyo, shilingi 100 kila wiki: 4,600. Kisha kahawa na halua baada ya somo, pamoja na kuwalipia waliokuja kusikiliza, kwani mtu hanywi peke yake mbele ya watu: shilingi 150 kila wiki, jumla 6,900.

Bibi alijumlisha mara mbili kwa kunihurumia. Shilingi 55,000. Wafuasi wa udi walikuwa wamekula kushinda udi wenyewe, na mkopo niliouchukua kwa ajili ya karo ulikuwa 30,000.

Naomba msomaji aitazame orodha hiyo vizuri. Hakuna ndani yake kitu kimoja cha kumtia mtu aibu. Hakuna ulevi, hakuna kamari. Kila kipengele kingeweza kutetewa mbele ya kadhi. Kasoro ilikuwa kwamba hakuna hata kimoja kilichopata kuandikwa, na kwa hiyo kila kimoja kilichota katika mfuko uleule wa unga na karo bila kubisha hodi. Bei ya kwanza, ile ya dukani, huifikiria mtu mpaka usingizi ukamruka. Bei ya pili hailipwi kwa siku moja, kwa hiyo hailinganishwi na chochote.

Watu wa mji wetu wamelijadili suala hili zamani. Katika karne iliyopita vyama vya lelemama vya akina mama wa Mombasa vilishindana vikali, na mashuhuri miongoni mwavyo vilikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa ngoma, na ushindani huo haukuwa wa bei rahisi. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930 na kisha Al-Islah mwaka 1932, aliwaonya watu wake juu ya ubadhirifu. Tangu ujana wangu nimesikia mabishano haya yakielezwa kama vita baina ya busara na upuzi. Siku hizi sikubali. Margaret Strobel, aliyewaandikia historia wanawake wa Kiislamu wa Mombasa katika kitabu kilichotoka mwaka 1979, alionyesha kwamba vyama hivyo viliwapa akina mama uongozi, heshima na watu wa kufaana nao. Hayo ni mapato, japo hayaandikwi benki. Aidha, chama kina wakubwa wake na michango yake, na mwanachama hujua kinachodaiwa kwake. Nami, mwenye shahada ya uzamifu, nilikuwa sijui nadaiwa nini na mbao zenye nyuzi.

Wapo watakaosema dawa ni kuchagua uraibu usio na gharama. Hunitajia bao. Ni kweli kwamba bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64 za komwe, likishachongwa humfaa babu na mjukuu. Lakini aliyewahi kukaa kibarazani ajua kwamba mchezo ukianza baada ya alasiri huisha maghribi, na katikati muuza kahawa hupita na vikombe vyake. Shilingi 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni shilingi 12,000. Saa zenyewe sizihesabu, maana mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha azijua thamani yake kunishinda.

Kwa wanafunzi nina neno moja zito zaidi. Kijana mmoja alinijia ofisini muhula ulipokuwa ukingoni, akitaka nimwombee muda wa kulipa karo. Mkopo wake wa masomo ulikuwa umekwisha. Nilipomdadisi alisema hana anasa yoyote. Uraibu wake ni kandanda tu. Ikadhihiri kwamba kandanda hiyo haichezwi uwanjani wala haitazamwi tu kwenye runinga. Huwekewa pesa kwa simu, shilingi 50 leo na 100 kesho, na kila aliposhindwa aliongeza ili azirudishe zilizopotea. Hapo neno letu lilikuwa limerudi kwenye maana yake ya kibarazani bila yeye kutambua. Bajeti haiwezi kulitengeneza jambo la namna hiyo, kwani hakuna kiasi kinachoweza kulishibisha. Dawa yake ni kuliacha, na kutafuta msaada mapema. Kipimo changu ni chepesi: lipangie kiwango cha mwezi, na kikiisha tarehe 12, angalia kama utaweza kungoja hadi tarehe 1.

Mimi niliweza, lakini kwa shida. Tulikaa na bibi tukapanga upya, safari hii kwa mwaka mzima badala ya siku. Masomo yakawa mara moja kila wiki mbili, vikao 23: shilingi 11,500. Nauli 2,300 na kahawa 3,450. Nikajifunza kuzifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila nimalizapo, nazo zikatosha seti mbili: 5,000. Tukaweka 2,000 kando kwa ajili ya fundi, hata kama uso haujapasuka, kwa sababu utapasuka. Jumla 24,250, yaani shilingi 2,000 na ushei kwa mwezi. Huziweka katika bahasha baada ya kodi, chakula na karo kupata fungu lao, na kabla ya kitu kingine chochote. Hilo la mwisho nililipigania. Uraibu usio na fungu lake haufi kwa kunyimwa, hujifunza kuiba.

Yamkini msomaji atauliza bibi alipata nini katika mapatano hayo. Alikuwa na kasha la leso, nyingi zikiwa hazijakatwa wala kupindwa, na safari zake za Biashara Street nilizokuwa nikizilalamikia sasa zina bahasha yao, sawa na yangu. Kuna mwezi ambapo zake hazitoshi kwa sare ya arusi, huazima kwangu. Na kuna mwezi huazima mimi. Huandikwa.

Mwezi huu ameazima yeye, kuna arusi mbili Makadara. Uzi mmoja umenikatika wiki iliyopita, nami napiga kwa nyuzi 10 hadi tarehe 1.