Vumbi la silika: adui asiyeonekana karakanani

Tarehe 1 Julai 2024 Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani yatumiwayo kwa meza za jikoni, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

Mawe hayo huweza kuwa na silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, kwa zaidi ya asilimia 90. Yakikatwa bila maji hutoa vumbi laini mno, ambalo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba.

Maji yakimiminwa kwenye msumeno hupunguza vumbi. Kitambaa anachojifunga kibarua puani hakimkingi. Lakini tope likiachwa likauke sakafuni, kisha likafagiwa, vumbi hurejea hewani. Sharti liondolewe lingali bichi, jambo ambalo karakana nyingi hulipuuza.