Alama mia moja za Hisabati

Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne hufanywa kwa saa tatu na ina maswali 14. Sehemu A ina maswali kumi ya alama sita sita, na Sehemu B ina manne ya alama kumi kumi. Yote ni ya lazima. Kwa mwanafunzi wa Mwembesongo, Morogoro, kama kwa mwenzake wa Kigoma au Unguja, karatasi ni ileile moja ya Baraza la Mitihani la Tanzania, na ndiyo inayoangusha wengi. Kati ya 2021 na 2023 waliofaulu somo hili walikuwa kama mmoja kwa kila watano, na mwaka uliokuwa mzuri zaidi, mmoja kwa kila wanne.

Mgawanyo huo wa alama unastahili kutazamwa kabla ya kufungua daftari. Daraja D huanzia alama 30. Maswali matano ya Sehemu A yakijibiwa bila kosa yanatoa alama hizo hizo 30, na sehemu hiyo imejaa mada za kidato cha kwanza na cha pili: sehemu na desimali, kukadiria na tarakimu muhimu, vipeo na vipeuo, logi, seti, uwiano, faida na hasara, milinganyo ya kipeo cha pili, maumbo yanayofanana. Wengi hukesha na metriksi mwezi wa mwisho ilhali kujumlisha sehemu zenye asili tofauti bado kunawatoa jasho. Huko ni kuezeka nyumba isiyo na kuta.

Mada hazikai peke yake. Swali moja huwa na kipengele (a) cha mada moja na (b) cha nyingine: seti hupangwa pamoja na uwezekano, na mstari wa jometri ya majira-nukta pamoja na vekta. Anayeruka mada moja hupoteza nusu ya swali, na mara nyingine nusu ya maswali mawili.

Trigonometria ndiyo inayoonekana kwa macho mjini Morogoro. Mtu akisimama umbali wa mlalo wa kilomita 10 kutoka kilele cha milima ya Uluguru kilicho meta 1,600 juu ya pale alipo, tanjiti ya pembe mwinuko ni 1,600 kugawanya kwa 10,000, yaani 0.16. Kitabu cha majedwali kinaonyesha kuwa pembe hiyo ni nyuzi 9 hivi. Majedwali ni lazima yazoeleke mapema, kwa sababu kalkuleta haziingii katika chumba cha mtihani wa somo hili.

Sehemu B inakusanya mada za kidato cha tatu na cha nne. Dunia kama tufe huogopwa bure. Morogoro na Dar es Salaam ziko karibu kabisa katika latitudo moja, nyuzi 6.8 kusini, longitudo zake ni nyuzi 37.7 na 39.3 mashariki. Tofauti ni nyuzi 1.6. Nusu kipenyo cha dunia kikichukuliwa kuwa kilomita 6,370, nyuzi moja ya ikweta ni kilomita 111 na ushee. Zidisha kwa 1.6, kisha kwa kosaini ya 6.8, ambayo ni 0.993: jibu ni kilomita 177 hivi. Barabara ni ndefu zaidi kwa kuwa hupindapinda. Kosa la kawaida hapa ni kusahau kosaini, ambayo inahitajika pale tu safari inapofuata latitudo. Anayesafiri kwenye longitudo moja, kaskazini au kusini, haihitaji.

Mada nyingine yenye alama nono ni ya kutafuta faida kubwa kwa grafu. Mkulima wa Mgeta, kwa mfano, ana ekari 6 na shilingi 1,800,000. Ekari ya kabichi inagharimu shilingi 400,000 na ya karoti 200,000. Faida ni 500,000 kwa kabichi na 300,000 kwa karoti. Ekari za kabichi zikiwa x na za karoti y, x + y si zaidi ya 6, na 2x + y si zaidi ya 9. Grafu inatoa pembe tatu za kupima, mbali na sifuri: karoti tupu ekari 6, faida 1,800,000, kabichi tupu ekari 4.5, faida 2,250,000. Ekari 3 kwa 3, faida 2,400,000. Hapo ndipo jibu lilipo. Asiyeandika kwanza x ni nini na y ni nini hupoteza alama za bure.

Takwimu, duara, fankisheni, metriksi na hesabu za leja na urari hufuata taratibu zisizobadilika sana, hivyo zinatulia kwa kurudia karatasi za miaka iliyopita.

Kikwazo kingine si cha namba. Maswali huandikwa kwa Kiingereza, na fumbo la mistari mitano humshinda hata anayejua kukokotoa. Kulisoma mara mbili na kuliandika upya kwa alama za hisabati ni sehemu ya mazoezi, sawa na kukariri kanuni ya Pythagoras.

Orodha hii ya mada ni ya muhtasari wa 2005. Wanaosoma mtaala ulioboreshwa wana muhtasari wao.