Mashine ya kupumulia huokoa pale shinikizo lake linapopimwa

Kutoka Mwandoya, wilayani Meatu, mgonjwa wa nimonia iliyozidi hupewa rufaa kwenda Mwanhuzi, kisha Bariadi, na hali ikiwa mbaya zaidi hupelekwa Bugando, Mwanza. Ndugu wanaomsindikiza huwa na ombi moja: awekwe kwenye mashine ya kupumulia. Ombi hilo ni la haki, na leo lina matumaini zaidi, kwa kuwa sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 uliozinduliwa Oktoba 2021 ilikwenda kujenga vyumba vya wagonjwa mahututi (ICU) nchini. Lakini mashine hiyo haitibu pafu. Humbeba mgonjwa wakati dawa zinapambana na ugonjwa, na ikisukuma hewa kwa nguvu isiyopimwa hulijeruhi pafu lilelile inalotakiwa kulisaidia. Ndiyo maana nasema kitanda cha ICU hakijakamilika mpaka awepo mtu wa kupima shinikizo hilo kila siku na mwenye mamlaka ya kulipunguza.

Ugonjwa unaozungumzwa hapa ni ule ambao madaktari huuita ARDS, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1967 kutokana na wagonjwa 12 wa Denver, Marekani. Nimonia, maambukizi yaliyosambaa mwilini, malaria kali au matapishi yaliyoingia kifuani hutoboa kuta nyembamba za mishipa midogo ya damu, na majimaji huvujia kwenye vifuko vya hewa. Picha za CT alizochunguza Luciano Gattinoni wa Italia zilionyesha kwamba pafu halijai majimaji sawasawa: sehemu kubwa huziba, na inayobaki wazi huwa ndogo kama pafu la mtoto. Ukisukuma humo pumzi ya mtu mzima, vifuko vichache vilivyo salama huvutwa kupita kiasi, navyo vikaanza kuvuja.

Ushahidi mzito ulikuja mwaka 2000, katika utafiti wa Marekani wa wagonjwa 861 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa mililita 12 za hewa kwa kila kilo, kama ilivyozoeleka, walikufa asilimia 39.8. Waliopewa mililita 6, na shinikizo la pafu likazuiwa lisizidi sentimita 30 za maji, walikufa asilimia 31. Hakuna dawa mpya iliyohusika. Kilo zinazohesabiwa hapo hutokana na urefu na jinsia, kwa sababu mtu akinenepa pafu lake halikui. Mwanamke wa sentimita 155 huhesabiwa kilo 48 hivi, basi pumzi yake ni kama mililita 290, hata mizani ikisoma 90. Kosa la kukadiria kwa macho huzuilika kwa futikamba, na urefu huo ungeweza kuandikwa kwenye fomu ya rufaa tangu kituo cha afya.

Mwaka 2015 Marcelo Amato wa Brazil na wenzake walichambua upya takwimu za wagonjwa 3,562 kutoka tafiti tisa. Walichukua shinikizo linalosomwa hewa ikisimamishwa kidogo baada ya kuvutwa ndani, wakatoa lile linalobaki mwisho wa kutoa pumzi. Kwa mfano, 28 ukitoa 10 unabaki na 18. Kila tofauti hiyo ilipopanda kwa takriban sentimita 7, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 41. Mtu makini atauliza: je, si kwamba pafu lililoharibika zaidi ndilo gumu, kwa hiyo namba inaonyesha ukali wa ugonjwa tu? Pingamizi hilo lina uzito. Mwaka 2017 utafiti uitwao ART ulijaribu kufungua mapafu kwa shinikizo kubwa. Namba hiyo ilishuka, lakini vifo vikapanda, asilimia 55.3 dhidi ya 49.3. Kwa hiyo kuishusha namba kwa njia yoyote ile si tiba. Kwangu namba hiyo ni onyo la kumrudia mgonjwa: kupunguza pumzi, na hali ikiwa kali kumlaza kifudifudi kwa saa 16 au zaidi. Nchini Ufaransa na Hispania kumlaza hivyo kulipunguza vifo vya siku 28 kutoka asilimia 32.8 hadi 16, na kulihitaji zaidi mikono ya wauguzi waliofundishwa.

Wapo watakaosema kwetu tatizo ni kukosa mashine, wala si kuzitumia vibaya. Wana hoja. Utafiti wa Kigali uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta wagonjwa 42 wenye dalili za ARDS. Chini ya theluthi waliingia ICU na nusu walikufa. Oksijeni na kipimo chake cha kidoleni lazima vitangulie, hasa vijijini. Lakini uhaba huohuo unafanya kila mashine iliyopo iwe ya thamani kubwa zaidi, na utajiri hauleti uangalifu wenyewe: katika uchunguzi wa nchi 50 uliochapishwa mwaka huohuo, shinikizo la pafu lilipimwa kwa wagonjwa 4 tu kati ya 10, ilhali mashine nyingi za ICU zina kitufe cha kulipima.