Kinamasi cha dola moja na gharama ya uwanja wa gofu

Nani asiyependa ardhi ya bei poa? Mwishoni mwa miaka ya 1970, PGA Tour, chama kinachoendesha gofu ya kulipwa nchini Marekani, kilinunua ekari 415 za kinamasi chenye msitu huko Ponte Vedra Beach, Florida, kwa dola moja tu. Hapo pakajengwa uwanja wa TPC Sawgrass, uliofunguliwa mwaka 1980.

Mchumi akisikia bei kama hiyo hujiuliza: gharama imejificha wapi? Hapa ilijificha majini. Ilimbidi msanifu Pete Dye achimbe mitaro na mabwawa, kisha udongo uliotoka humo utumike kuinua njia za kuchezea. Mchanga mzuri ulipatikana karibu na shimo la 17, ukachotwa hadi pakabaki bwawa kubwa. Mkewe, Alice Dye, akashauri shimo hilo lizungukwe na maji, na leo hicho ndicho kisiwa maarufu kuliko vyote katika gofu. Miaka ya mwanzo hata mbuzi walitumika kupunguza vichaka.

Lakini kuna gharama isiyoandikwa kwenye hati ya mauzo. Kinamasi hupokea maji ya mafuriko, huchuja uchafu na kuyaachia maji polepole wakati wa kiangazi. Ukikikausha, kazi hiyo haikomi, bali hulipiwa na jirani wa bondeni ambaye nyumba yake inafurika na kisima chake kinakauka.

Ndiyo maana wasanifu wengine walibadili mahali pa kuanzia. Old Collier, klabu binafsi ya Naples, Florida, ilifunguliwa mwaka 2001 kandokando ya mto Cocohatchee. Msanifu Tom Fazio alifanya kazi na nyasi za pwani aina ya paspalum, zinazostahimili chumvi, hivyo uwanja ukamwagiliwa maji ya chumvichumvi badala ya kugombania maji ya kunywa. Klabu hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kupata cheti cha dhahabu cha Audubon International.

Kanuni ni rahisi. Kwanza, pima maji yanakopita masika na kiangazi kabla ya kuchora shimo hata moja. Pili, weka nyasi za kuchezea kwenye miinuko tu, na sehemu zenye maji zivukwe kwa madaraja ya mbao. Tatu, acha ukanda wa mimea ya asili kati ya nyasi na maji, ili mbolea isitiririke na kuotesha mwani unaoua samaki.

Msomaji mwenye shamba bondeni, somo hili linakuhusu. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mwekezaji akija na ramani ya uwanja, hoteli au nyumba, usitazame bei ya ekari peke yake. Hesabu mboga unazovuna kiangazi, majani ya ng'ombe, samaki na maji ya kisima kwa miaka kumi. Kisha muulize: maji ya masika yatakwenda wapi?

Akikosa jibu, usitie saini. Rahisi ghali.