Mlo wa Familia Lubumbashi: Bukari Nyumbani, Bukari Mkahawani

Lubumbashi, mji wa eneo la Katanga nchini Kongo, mlo wa familia una sehemu mbili: bukari na mboga. Bukari ni ugali wa unga wa mahindi, mara nyingine ukichanganywa na unga wa muhogo. Mboga ni chochote cha kulia bukari hiyo, yakiwemo majani, samaki na nyama. Mtu aliyekula mkate, wali au viazi huweza kusema hajala bado, kwa kuwa bukari haijapita kinywani. Mazoea haya yanaonekana nyumbani na hata pale familia inapotoka kwenda kula nje.

Zamani wenyeji wa Katanga walisonga zaidi unga wa mtama na ulezi. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, na viliingia Afrika ya Kati baada ya Wareno kufika pwani. Kilichoyapa mahindi enzi mjini ni mgodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji, wakati huo ukiitwa Elisabethville, ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka Rhodesia ikileta mizigo pamoja na unga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilitaka wafanyakazi wakae na wake zao kambini. Posho ikatolewa kwa kuangalia ukubwa wa familia: mwenye watoto wengi alirudi na unga mwingi. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, iliendelea kugawa unga hadi ilipoyumba katika miaka ya 1990. Posho ilipokatika, mzigo wa kutafuta unga uliwaangukia hasa akina mama, kwa biashara ndogondogo na kwa kulima nje ya mji. Nyumba nyingi zikabaki na mlo mmoja mkuu kwa siku. Hali hiyo ilichunguzwa katika kitabu Byakula kuhusu ulaji wa Lubumbashi, kilichohaririwa na Pierre Petit na kutolewa mwaka 2004. Mpaka leo sehemu kubwa ya unga hupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, bei hupanda mara moja katika masoko ya mji.

Mboga hufuata majira na mfuko. Sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, hupikwa kwa muda mrefu na mafuta ya mawese au karanga. Matembele na lengalenga (mchicha) huiva upesi. Siku za mvua hufika uyoga wa msitu wa miombo, ukiwemo ule wa vichuguuni ambao kofia yake huweza kukaribia upana wa mita moja. Samaki wa Luapula na Ziwa Mweru huja kutoka upande wa Kasenga, ambako zamani wafanyabiashara Wagiriki waliwapakia katika barafu kuwaleta mjini. Kapenta (dagaa) wakavu na samaki wa chumvi huokoa nyumba siku ambayo pesa ni kidogo.

Kula kwenyewe kuna taratibu. Maji ya kunawa hutangulia, na mgeni na wakubwa hunawa kwanza. Bukari huwekwa katikati, kila mtu humega tonge kwa mkono wa kulia, hulibonyeza na kuchovya. Kwa desturi ya zamani baba alikula na wageni au watoto wa kiume, mama naye akala na mabinti na wadogo; siku hizi familia nyingi huketi pamoja mezani.

Kula nje kuna ngazi zake. Katika komini kama Kenya, Katuba na Kamalondo, akina mama huuza sahani ya bukari karibu na masoko na vituo vya magari. Jioni na Jumapili watu hufuata michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma inayoliwa na pilipili, mara nyingi kwa bia ya Simba inayotengenezwa mjini humo. Katikati ya mji, mikahawa ya meza na vitambaa imefuata wageni walioletwa na shaba na biashara: Wagiriki, Waitalia na Wabelgiji tangu ukoloni, kisha Wahindi na Walebanoni, na tangu miaka ya 2000 Wachina. Hapo familia huenda siku ya ubatizo, diploma au harusi, na si ajabu kukuta bukari kwenye orodha kando ya vyakula vya kigeni.

Kwa familia inayotaka kujaribu vyakula vya kigeni, kati ya mapishi ya Asia, ya Thailand yanakubaliana vizuri na mazoea ya bukari na mboga. Mezani pa Mthai, wali ndio mlo. Mchuzi wa nazi, samaki, saladi ya papai bichi na mboga huwekwa katikati, na kila mmoja hujipakulia kidogo kidogo. Chakula hicho huliwa kwa kijiko na uma. Vijiti ni vya tambi zaidi. Katika eneo la Isan, kaskazini-mashariki, wali wa kunata humegwa kwa vidole, hufinyangwa na kuchovywa. Pilipili nayo ilitoka Amerika na kusambaa Asia na Afrika kwa merikebu za Wareno. Tofauti kubwa iko kwenye muhogo: Thailand huuza nje muhogo mwingi kuliko nchi yoyote, hasa vipande vikavu na wanga, ilhali Mkongomani hula mzizi na majani pia.

Kwa hiyo familia ya Lubumbashi inayojaribu mapishi hayo hufanya vyema kuagiza vyakula vichache vya kugawana badala ya sahani ya kila mtu, kuomba pilipili iletwe kando kwa ajili ya watoto, na kuanza na wali mwingi, kwa kuwa ndio unaochukua nafasi ya bukari.