Akiba Haiozi, Hata Katika Gari la Kisasa

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Hata hivyo, waundaji wa magari ya siku hizi wanaelekea kuamini kwamba akiba ni mzigo tu. Fungua buti ya gari la haibridi, yaani lile linaloendeshwa kwa petroli na umeme pamoja, kisha uinue zulia lake. Mara nyingi, mahali ambapo gurudumu la akiba lingelala utakuta kichupa cha gundi na pampu ndogo ya umeme. Gurudumu halipo, na pengine hata jeki haipo.

Sababu zao si za kipuuzi. Tangu Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mwaka wa 1997, betri kubwa ya magari ya aina hii imekuwa ikitafutiwa nafasi upande wa nyuma, chini ya kiti au chini ya buti. Isitoshe, gurudumu kamili huweza kuzidi kilo 15, na gari linalosifiwa kwa kubana mafuta halitaki mzigo usiotumika kila siku. Kwa mkazi wa Tokyo, ambaye fundi humjia kwa kupigiwa simu, hesabu hiyo inaingia akilini.

Lakini je, hesabu hiyo ilipigwa kwa ajili yetu? Magari mengi tunayonunua ni mitumba kutoka Japani, mradi umri wake usizidi miaka 8. Gari la miaka 7 huenda likaja na kichupa cha miaka 7, ilhali gundi hiyo ina tarehe yake ya kuharibika. Hata ikiwa nzima, huziba tundu dogo la msumari tu. Ubavu wa tairi uliochanwa na ukingo wa shimo hauzibiki kwa gundi. Fikiria basi mwalimu anayerejea kutoka pwani usiku na aila yake, tairi lipasuke kati ya Mtito Andei na Voi, ambako Tsavo Mashariki iko upande mmoja na Tsavo Magharibi upande wa pili, huku malori yakipita kwa kasi. Kichupa kitamfaa nini?

Anayenunua gari la namna hii na akague buti kabla ya kulipa. Akikosa gurudumu, atafute hata lile jembamba la muda, linalooana na nati na kimo cha magurudumu mengine, na akilitumia asipite mwendo ulioandikwa juu yake, ambao kwa kawaida ni kilomita 80 kwa saa. Alifunge imara, kwani ajali ikitokea litarushwa kama jiwe la kombeo. Aidha, lisizibe tundu la hewa inayopoza betri, ambalo katika baadhi ya magari liko kando ya kiti cha nyuma. Naam, litakula nafasi ya mizigo. Upepo wake nao upimwe mara kwa mara, maana akiba iliyopwaya si akiba.

Mwanafunzi wa sayansi hufunzwa kwamba chombo huundwa kulingana na mazingira ya mtumiaji wake. Tunaponunua ufundi wa wenzetu, tupime pia mazoea yaliyofungwa pamoja nao. Tahadhari ni kabla ya hatari.